Asante, mama wa duka la vitambaa Kariakoo

Kwa mama uliyenikuta Jumamosi dukani Mtaa wa Uhuru: shikamoo. Jina lako sikuuliza, na hilo limenikaa rohoni.

Nilikuwa nakatiwa mita tatu za pamba nyepesi nimshonee mama yangu suruali ya pajama. Tangu afanyiwe upasuaji, za kununua zinambana tumboni. Ukaniuliza, "Mwanangu, umeshawahi kukata?" Nikajibu bado. Ukaweka kikapu chini.

Uliniambia kitambaa nikifue kwanza, maana pamba hurudi ikikutana na maji. Kisha nilaze juu yake suruali yake ya zamani iliyolegea, niongeze nafasi ya mshono, na upande wa nyuma niuache mrefu na mpana kuliko wa mbele, la sivyo akikaa itamvuta. Hapo kwenye kuunganisha miguu ndipo nilipopotea. Ukachukua mkono wa baibui lako, ukaugeuza nje ndani, ukautia ule mwingine ndani yake: "Mguu mmoja uingie ndani ya mwenzake, upande mzuri wa kitambaa utazamane na upande mzuri, halafu ushone katikati mara moja, toka mbele hadi nyuma." Nikaona.

Lastiki niliipitisha kwa pini, nikaiacha legevu isiguse kidonda. Jana usiku mama ameivaa, akalala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamka kuivuta.

Ukipita tena pale, mwenye duka nimemwachia salamu zako na kitambaa kidogo cha maua. Ni chako. Mungu akuzidishie, mama yangu.