Mhariri, hili somo la hesabu lifundishwe kwa maneno kwanza

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna msomaji mwenzangu aliandika kwamba wanafunzi wa biashara na wa sayansi ya jamii wanaonewa kusomeshwa hesabu, kwamba wafutiwe tu hilo somo, kalkuleta inawatosha. Nimeisoma ile barua mara mbili na uchungu wake nauelewa kabisa kwasababu hata mimi hilo somo lilinitoa machozi, ila dawa anayoitoa siyo, na sasa hivi jioni nawasaidia vijana wa mwaka wa kwanza kwahiyo kila wiki naona wanakwama wapi, na hawakwami pale watu wanapodhani.

Somo lenyewe wengi wanaliita hesabu za finiti. Ni seti, kuhesabu njia za kupanga na kuchagua, uwezekano, matriksi (namba zilizopangwa kwenye jedwali), linia programu (kutafuta faida kubwa au gharama ndogo bila kuvunja masharti), riba na malipo ya awamu, basi. Hakuna kalkulasi humo, zile hesabu za kasi ya mabadiliko. Na halikutungwa kumtesa mtu. Miaka ya 1950 pale chuo cha Dartmouth, Marekani, John Kemeny na wenzake waliona mtu anayesomea jamii au biashara anapewa hesabu zilezile za mwanafizikia wakati mambo yake ni kura, makundi ya watu, maamuzi, foleni, wakamtengenezea kozi ya kwake na kitabu chake kikatoka 1957. Yaani lilikuja kama msaada. Sasa limegeukaje kuwa adui?

Nitasema ninachokijua. Mimi mara ya kwanza nilifeli. Mhadhiri aliingia, akaandika fomula, akafanya mifano miwili mitatu, akatoka, na sisi tukakariri zote, lakini mtihani ulipokuja umeandikwa kwa sentensi sikujua nichukue ipi niache ipi. Mfano watu 10, unachagua 3 wawe kamati, njia ni 120. Watu 10 walewale, unachagua mwenyekiti, katibu na mhazini, njia ni 720. Namba ni zilezile 10 na 3, kilichobadilika ni maneno tu, kwamba kwenye kamati hakuna wa kwanza wala wa mwisho ila kwenye vyeo yupo. Hiyo hakuna aliyenambia! Niliambiwa hii fomula ina mstari mmoja zaidi chini, uikumbuke.

Aliyeniokoa ni dada mmoja aliyetutangulia mwaka mmoja, alininyang'anya kalkuleta wiki mbili nzima. Kila swali alikuwa ananambia nisimulie, nani yumo, nini kinajulikana, nini kinatafutwa, kipi hakiruhusiwi. Nikijibu kwa namba anasema sijakuuliza namba. Nilimchukia kwa siku kama nne hivi halafu ya tano nikaanza kuona, na sapu nikapita vizuri kuliko waliopita mara ya kwanza.

Ndo maana Mhariri nasema tatizo ni maneno. Chukua swali la linia programu, karakana inayotengeneza meza na viti. Meza moja inakula saa 3 za useremala na saa 1 ya rangi, kiti kimoja kinakula saa 1 ya useremala na saa 1 ya rangi. Kwa wiki useremala usizidi saa 60 na rangi isizidi saa 30. Faida ya meza ni 5, ya kiti ni 3. Muulize mtu yeyote harakaharaka atakwambia si meza ndo zina faida kubwa, piga meza tu. Haya, meza tu zinatoka 20, faida 100, useremala umeisha na saa 10 za rangi zimekaa bure. Viti tu vinatoka 30, faida 90. Lakini meza 15 na viti 15 faida ni 120 na hakuna saa hata moja iliyopotea. Kijana akiliona hilo kwa mara ya kwanza macho yanabadilika, maana hakuna fomula iliyotumika pale, ni sentensi mbili za "isizidi" na kuzisoma kwa utulivu. Na hapa niseme, Kiswahili kimetupa zawadi ambayo hatuitumii: isizidi, isipungue, angalau. Ukimwandikia kijana ile alama ya mdomo wa ndege (≤) anasahau inaangalia wapi, ukimwambia "isizidi 60" hakosei hata ukimwamsha usingizini.

Wanapokosea sasa ni kama hivi. Sentensi inasema viti ni mara 4 ya meza. Mtoto anaandika 4v = m kwasababu anafuata maneno yalivyopangana, viti, 4, meza. Sahihi ni v = 4m. Msije mkafikiri ni uzembe wa watu wa biashara, Marekani miaka ya 1980 mwanzoni watafiti waliwapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza sentensi ya aina hiyohiyo, kwamba wanafunzi ni mara 6 ya maprofesa, na zaidi ya theluthi moja wakakosa, wengi kwa kugeuza hivyohivyo. Hao ni wahandisi watarajiwa.

Sasa sisi semista nzima tunaitumia wapi? Kwenye kujaza kwa mkono jedwali la simpleksi, ile njia ya kutafuta jibu la maswali kama la karakana hatua kwa hatua. Kurasa tatu za sehemu juu ya sehemu, ukikosea alama moja ya kutoa umekwisha. George Dantzig aliigundua ile njia 1947 na moja ya majaribio yake ya kwanza makubwa lilikuwa swali la mlo wa bei nafuu ambalo mchumi George Stigler aliliweka 1945, vyakula 77 na virutubisho 9, makarani 9 wakakaa na mashine za mezani wakatumia siku 120 za kazi ukizijumlisha. Leo kompyuta ya kawaida inamaliza hilo kabla hujapepesa. Ila kuna kitu kompyuta haikuandikii, ni zile sentensi. Dantzig mwenyewe alisimulia kwamba baadaye alitaka mashine impangie mlo wake wa kupunguza uzito, mashine ikamwambia anywe galoni 500 za siki. Alipoitoa siki, ikampangia vipande 200 vya supu kavu kwa siku moja. Hesabu haikuwa na kosa hata kidogo! Hakuna aliyekuwa ameiandikia mashine kwamba vipande visizidi vitatu. Neno moja, isizidi, na huyu ndo mtu aliyeigundua njia yenyewe, sembuse kijana wa mwaka wa kwanza.

Na Kemeny huyohuyo wa Dartmouth, 1964 yeye na Thomas Kurtz walitengeneza lugha ya kompyuta ya BASIC makusudi ili hata wanafunzi wasio wa sayansi waweze kuitumia mashine. Aliyetusaidia kuwa na kozi ndiye alitusaidia na mashine pia, halafu sisi miaka yote hii tumechukua kozi tukaiacha mashine mlangoni.

Naomba nikae kidogo kwenye uwezekano maana hapo ndo kuna madhara kwa watu. Msomaji aliuliza mtu wa sayansi ya jamii uwezekano anaupeleka wapi. Nitamjibu. Tuseme wakopaji 1000, kati yao 50 hawatalipa. Kuna mfumo wa kuwachuja na unasifiwa kwamba unawanasa asilimia 80 ya wasiolipa, na wale wazuri unawakosea asilimia 10 tu. Kwa maneno unasikika mzuri sana. Sasa hesabu vichwa. Kati ya wale 50 unawanasa 40. Kati ya wale 950 wazuri unawapiga alama nyekundu 95. Jumla waliopigwa alama ni 135, na wabaya kweli ni 40, hiyo haifiki asilimia 30. Yaani zaidi ya theluthi mbili ya watu walionyimwa wangelipa. "Asilimia 80 ya wasiolipa wamenaswa" na "asilimia 80 ya walionaswa hawalipi" zinafanana masikioni lakini ziko mbali kama mbingu na ardhi, na swali la kuzitenganisha ni moja tu, KATI YA NANI? Vijana wangu nimewaambia wakiona asilimia yoyote, kwenye gazeti, kwenye ripoti, kwenye tangazo, waulize kati ya nani kabla hawajauliza kitu kingine. Ukishaweza hilo, fomula ya Bayes, ile ya kutoka kwenye asilimia moja kwenda nyingine kati ya hizo mbili, ni kuandika tu ulichokwisha kukielewa.

Na kutoelewa uwezekano kumeshawahi kumfunga mtu jela. Uingereza 1999 mama mmoja alihukumiwa kwa vifo vya wanae wawili wachanga, shahidi ambaye ni daktari akaiambia mahakama kwamba watoto wawili wa familia kama ile kufa kwa kifo cha ghafla cha kichanga ni 1 kati ya milioni 73. Aliipataje? Alichukua 1 kati ya 8,543 akaizidisha kwa yenyewe, kana kwamba mtoto wa pili hana damu moja na wa kwanza wala hawakulala nyumba moja. Kuzidisha hivyo kunaruhusiwa pale tu matukio hayahusiani. Halafu hata ile namba ingekuwa sawa bado siyo uwezekano wa mama kuwa hana hatia, ni swali jingine kabisa. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza kilipinga hadharani 2001 na mama akaachiwa 2003 rufaa ya pili. Pale mahakamani walijaa watu waliosoma sheria, udaktari, mambo ya jamii, na namba ikapita. Nikikumbuka hiyo siwezi kukubali kwamba somo hili wafutiwe watu ambao kesho ndo watakaa kwenye viti hivyo.

Riba nitaigusa tu. Mtu anakopa 1,200, anaambiwa riba ni asilimia 10, anarudisha 110 kila mwezi kwa miezi 12. Anafurahi, asilimia 10 si mbaya. Lakini ile 1,200 hakukaa nayo mwaka mzima, kila mwezi anairudisha kidogokidogo, kwahiyo ukipiga kwa salio analodaiwa kweli inakuja karibu asilimia 18 kwa mwaka. Mhitimu wa biashara asiyejua hilo atamshauri nani?

Kwahiyo ombi langu kwa wahadhiri, na najua wengine wenu mnalisoma hili gazeti, siwalaumu maana madarasa yamejaa na muda hautoshi. Wiki mbili au tatu za mwanzo iwe ni kusoma sentensi na kuziandika upya, kwa lugha ambayo mwanafunzi anaiota usiku, hata kama mtihani utakuwa kwa lugha nyingine. Simpleksi kwa mkono ifanyike mara moja tu waone inavyotembea halafu kazi apewe kompyuta. Na kwenye mtihani pawe na swali ambalo halitaki jibu la namba kabisa, linalosema andika masharti yote ya tatizo hili kisha taja sharti moja ambalo muulizaji amesahau kulitaja. Hilo swali nimelijaribu kwa vijana wangu mwezi uliopita, kwenye lile la karakana, na binti mmoja ambaye siku zote anasema yeye na hesabu basi aliandika kwamba idadi ya meza isipungue sifuri, halafu chini yake akaongeza, "na je viti vyote hivyo vina mnunuzi?"

Msomaji wenu wa kila wiki