Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyekabidhiwa mavazi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Shangazi ameniambia umekabidhiwa mavazi ya tamthilia inayohusu Dar es Salaam ya mwaka 1969 hadi 1974, na kwamba hadithi hiyohiyo itapandishwa jukwaani baadaye kama igizo la muziki. Hongera sana. Barua hii naiandika hadharani kwa sababu wenzako wengi hupewa kazi hii wakiwa na mkasi na moyo tu, na hakuna anayewaambia kitakachoharibika.

Ulishike hili kwanza: watazamaji wako wanazijua nguo hizi. Bibi zao walizivaa na picha zao zimetundikwa sebuleni mpaka leo. Mtu wa Tandika anaweza kusamehe gauni la malkia wa Ulaya lililokosewa, lakini kanga iliyovaliwa ndivyo sivyo ataiona kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Kazi ianze kwenye muswada, Kariakoo baadaye. Usome mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili chora jedwali: namba ya sini, siku ya hadithi, mahali, wahusika waliomo, na kinachoipata nguo, yaani mvua, damu, matope, kukimbia, kuchanika. Safu ya siku ya hadithi ndiyo itakayokuokoa. Sini ya 4 na sini ya 40 zinaweza kuwa za Jumatatu ileile ya hadithi, nanyi mkazishuti wiki tatu mbali. Kila mhusika mpe mavazi yenye namba: Zuhura vazi la 1, Zuhura vazi la 2, na kuendelea. Namba hiyo iandikwe kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya nguo, kwenye mfuko wa kuhifadhia, na kwenye jedwali.

Jedwali hilo ndilo litakalokupa hesabu ya nakala, na hapo ndipo bajeti nyingi hufa. Tuseme chai inamwagikia kanzu ya mzee na mwongozaji anataka teki tatu. Hizo ni kanzu tatu za kumwagiwa, na ya nne safi kwa sini zilizotangulia. Kama kuna mtu wa kumwakilisha mwigizaji kwenye kuanguka au kupigana, naye anahitaji zake, tena kubwa kwa saizi moja ili sponji za kumkinga zikae ndani. Zote zinunuliwe siku moja kutoka robota moja, kwa maana rangi ya mzigo wa mwezi ujao haitalingana. Damu bandia ijaribu kwenye kipande cha kitambaa hichohicho kabla ya yote. Ukiikoroga na sabuni ya maji kidogo itatoka kwa urahisi zaidi. Iloweke nguo kwenye maji baridi palepale. Tenga pia sehemu moja ya tano ya fedha usiiguse mpaka wiki ya mwisho.

Sasa tuje kwenye kanga, kwa sababu hapa ndipo tamthilia zetu hujiaibisha.

Unajua kanga ina pindo, yaani ukingo wake; ina mji, sehemu ya katikati; ina jina, maneno yake. Huuzwa doti, pande mbili zilizoungana, mnunuzi akazikata na kuzipinda mwenyewe. Msaidizi aliyechoka humvisha mwigizaji upande ambao haujapindwa, nyuzi zinaning'inia ukingoni, na mama anayedaiwa kuivaa kanga hiyo miaka mitano anaonekana ametoka nayo dukani Mtaa wa Uhuru asubuhi hiyo. Pinda zote. Kisha zifue mara nne au tano, maana kanga mpya ina wanga unaoifanya isimame kama karatasi. Haidondoki nyongani wala haishiki mwili mtu akikaa.

Jina hukaa chini ya mji, juu ya pindo la chini. Kanga ikifungwa kiunoni inavyopaswa, maneno huja nyuma. Maana yake, kamera iliyo mbele haisomi kitu. Maneno husomwa mvaaji akigeuka kuondoka. Mweleze mwongozaji hili mapema, atakushukuru. Mke mwenza anayeaga kwa upole, kisha tukaona "Mdhaniaye ndiye siye" ikitoka mlangoni, amesema maneno ambayo mwandishi hakuhitaji kuyaandika. Lakini kama hukuchagua, nguo itasema chochote. Mkwe aliyekuja kutoa pole hawezi kuvaa "Hasidi hana sababu", hata kama ndiyo kanga yenye rangi nzuri kuliko zote. Soma kila jina, liandike kwenye jedwali, na mpe mwongozaji orodha.

Mwambie na mhariri. Wahariri hugeuza picha kushoto kulia ili macho ya wahusika yakutane vizuri, na kwa nguo isiyo na maandishi hakuna atakayegundua. Kwenye kanga herufi zitasomeka kinyumenyume. Vifungo vya shati navyo vitahamia upande wa kike.

Kuhusu zama: maneno ya kwanza kwenye kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini kwa miaka yako ni herufi hizi tunazotumia. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968, kwa hiyo kanga ya nyumbani kwenye hadithi yako ni sahihi, na bado zilikuwepo zilizochapwa India na Japani. Angalia alama za chama. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP zilipoungana, na mwigizaji mwenye kanga ya CCM mwaka 1972 amekuaibisha mbele ya nchi nzima. Kosa la aina hiyo hutokea kirahisi, kwa sababu kanga za chama zimejaa majumbani na watu huziazima kwa nia njema.

Hadithi yako inaanza 1969, mwaka mzito kwa mavazi. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilitangazwa Oktoba 1968 na kuanza Januari 1969, ikapiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Kwa hiyo urefu wa sketi kwenye tamthilia yako ni siasa. Dada wa ofisini mwenye sketi juu ya goti Januari 1969 anajua anachofanya alipopanda basi, na ukishusha pindo lake sentimeta nane kwenye sini inayofuata, umeonyesha kwamba ameogopa. Pima kutoka katikati ya goti, andika, na usiache fundi akisie. Kadiri hadithi inavyoingia miaka ya 1970 utaanza kuleta bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene, kwa vijana, na Kaunda suti kwa maofisa. Usivilete vyote kwa pamoja. Baba wa miaka hamsini mwaka 1974 bado anavaa suruali aliyoshonesha 1963, na hilo ndilo linalofanya mtaa uonekane mtaa wa kweli.

Kwa mashati, nenda mitumba ya Karume au Manzese alfajiri robota zinapofunguliwa. Unatafuta kola ndefu iliyochongoka na kitambaa kizito. Lebo ya ndani ikatwe, vifungo vinavyong'aa vibadilishwe. Ukiona zipu ya chuma, inunue hata kama nguo yenyewe haifai, utaihamishia kwingine. Usishonee gauni la zamani kwa mshono wa samaki wa siku hizi. Mwili wa gauni la zama zile ulitengenezwa kwa penzi kifuani, yaani mikunjo midogo iliyoshonwa ndani, na ndizo humpa mwigizaji umbo na hata namna ya kusimama.

Kabla hujanunua mita kumi, omba uzi na uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Unahitaji kujua hili kwa sababu ya weupe. Kanzu nyeupe pee chini ya jua la Dar huivuta kamera ipunguze mwanga, na uso wa mwigizaji mweusi unazama gizani. Dawa yake ni chai. Chemsha lita tano za maji na vijiko vikubwa vinne vya majani, chuja vizuri maana jani moja huacha doa, lowesha kanzu kwenye maji safi kwanza ili rangi isiingie mabaka, kisha itumbukize dakika kumi ukiigeuzageuza. Ikiwa mbichi itaonekana imekolea mno. Subiri ikauke ndipo uamue. Chai hushika pamba na haishiki poliesta, na kanzu nyingi za dukani leo ni poliesta. Ukishachoma uzi utajua kama unapoteza majani bure.

Mistari myembamba iliyobanana nayo iepuke, maana kwenye kamera ya kidijitali hucheza na kumetameta. Ipige video kwa simu ukiwa mita tatu, na ikiwezekana kwa kamera yenyewe ya kazi.

Nguo mpya lazima ichakazwe, na uchakavu una akili yake. Jiulize mtu huyu mikono yake inagusa wapi. Msasa namba 120 kwenye ukingo wa kola, viwiko na mdomo wa mfuko, umalizie na namba 240. Ili mifuko ya koti ilegee, iloweshe, tia kokoto, litundike usiku kucha. Mama muuza vitumbua hufunga hela kwenye ncha ya kanga. Ncha ile huwa imevutika kama mkia, imekunjamana na kufifia kuliko kanga nzima. Funga kokoto mbili pale, lowesha, acha ikauke na fundo lake, fungua, rudia siku tatu. Hakuna mwigizaji atakayehitaji kuambiwa afanye nini na mkono wake akiiona ncha ile. Udongo wa barabarani usiutumie: hudondoka kati ya teki na teki, huwasha ngozi, na doa lake hulitawali. Rangi ya maji ya akriliki iliyozimuliwa sana, ikipulizwa kwa chupa ya dawa ya mbu iliyooshwa, hukaa pale ulipoiweka. Jasho ni gliserini na maji.

Nguo pia inasikika. Maiki ndogo ya kifuani ikisuguana na buibui la poliesta, mazungumzo yote yanakwenda na maji. Shonea ndani kipande cha pamba pale maiki inapokaa, punguza wanga, na bangili zikae mfukoni mwako kwenye sini za maongezi ya chini. Raizoni kwenye sakafu ya saruji hupiga kama nyundo, basi bandika felti, kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, kwenye soli pale miguu isipoonekana. Viatu vyekundu vya The Wizard of Oz vya 1939 vilibandikwa felti kwa sababu hiyohiyo. Vilishonwa jozi kadhaa, na katika kitabu vilikuwa vya fedha. Wekundu ulikuja kwa ajili ya filamu ya rangi.

Siku ya kushuti, kila mwigizaji apigwe picha nne: mbele, nyuma, kushoto, kulia, akiwa ameshika karatasi yenye namba ya sini. Andika yasiyoonekana vizuri: mkono wa shati umekunjwa mara ngapi, vifungo vingapi viko wazi, mtandio umepita bega lipi. Piga tena mwisho wa sini, maana nguo huhama wakati wa kuigiza. Nakala iwe ya karatasi pia, simu huzima. Vipimo chukua mwenyewe, saizi ya kuambiwa kwa simu ni ya miaka miwili iliyopita. Na kwenye kupimisha, mwigizaji akae, achuchumae, ainue mikono, akimbie hatua kumi. Anayesimama tu mbele ya kioo hajapimishwa.

Jukwaani mambo yanageuka. Mtu wa kiti cha nyuma yuko mita ishirini, ncha ya kanga haioni. Anaona umbo na rangi. Keti na fundi wa taa mapema. Nguo nyekundu chini ya taa ya kijani inakuwa nyeusi, na rangi yote uliyoitafuta wiki mbili imepotea. Wachezaji huinua mikono, kwa hiyo nguo huchanika kwapani kila mara. Tia kipande cha pembe nne cha sentimeta kumi kwa kumi chini ya kwapa, kikatwe kwa mshazari. Mshono wa ubavuni na wa mgongoni uache sentimeta tatu ndani, kwa sababu mwigizaji akibadilishwa hutashona upya.

Kubadili nguo kwa sekunde arobaini na tano kunawezekana kwa wasaidizi wawili, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja na vipande vyake tu. Nguo ya pili ivaliwe ndani ya ya kwanza pale inapowezekana. Vifungo vya shati vishonewe kwa nje kama pambo, na ndani ya ukingo weka vya kubana vikubwa. Vile vya kunata usivitegemee: hulia "krraa" nyuma ya pazia, na baada ya maonyesho machache hujaa nyuzi na kuachia. Mfanye zoezi hilo mara kumi na taa zimezimwa, maana gizani ndipo litakapofanyika.

Nguo nzito zisizofulika, majumba ya maonyesho ya Broadway, New York, na ya London huzipulizia vodka iliyochanganywa na maji ili kuua harufu. Spiriti ya dukani iliyozimuliwa hufanya kazi ileile. Jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, usije ukaondoa rangi.

Ukimaliza safu ya siku za hadithi, nipigie picha jedwali unitumie kabla hujaenda Mtaa wa Uhuru. Nataka kuona ile sini ya mazishi umeiwekea doti ngapi, na majina yake.

Wako akupendaye,
Dada