Kamera kwenye baridi: soma kabla hujafunga begi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na wazee wape shikamoo zangu. Kwa kuwa unakuja huku na kamera katikati ya majira ya baridi, nakuandikia mapema. Vitabu vingi vya maelekezo huishia kusema itumike kati ya nyuzijoto 0 na 40. Chini ya hapo kamera nyingi hupiga vizuri tu, ila zina masharti yake.

Betri ndiyo ya kwanza kusumbua. Ioni za lithiamu hupita kwenye kimiminika, na kikipoa sana zinajikokota. Betri iliyojaa inaweza kuonyesha imekwisha baada ya picha chache. Usiitupe: itie mfuko wa ndani, karibu na mwili, ikipata joto sehemu kubwa ya chaji itarudi. Beba tatu, moja kwenye kamera na mbili mwilini, uwe unazibadilisha. Usizichanganye na funguo wala sarafu, zitapiga shoti. Na usichaji betri iliyo chini ya sifuri, unaiharibu kabisa.

Skrini itakuwa nzito kubadilika. Lipuuze hilo. Theluji ikitua kwenye lenzi usiipulize kwa mdomo, maana mvuke wa pumzi huganda hapo hapo; tumia kipulizio cha mpira. Theluji pia huidanganya mita ya mwanga, ambayo hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ongeza mwangaza kwa +1, au hadi +2 penye theluji tupu yenye jua, huku ukitazama histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye skrini) isibanwe upande wa kulia.

Lakini kamera nyingi haziharibikii nje, zinaharibikia mlangoni. Hewa ya chumba ina unyevu, na ikigusa chuma na vioo vilivyopoa inageuka matone, hata ndani ya lenzi na kwenye sakiti. Basi ukiwa bado nje, toa kadi ya kumbukumbu na betri (picha utataka kuziona, najua), tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kamua hewa, funga. Maji yatatua juu ya mfuko. Usiufungue kwa saa mbili, lenzi kubwa hata zaidi, wala usiharakishe kwa hita au mashine ya kukaushia nywele. Ikishashika matone, usiiwashe, usivue lenzi, na usirudi nayo nje ikiwa mbichi, kwani unyevu utaganda ndani. Siku ya kuingia na kutoka mara kwa mara, iache kamera sehemu salama yenye baridi, uingie na betri tu.

Mfuko wenyewe ujaribu kabla ya safari: kamera iingie na lenzi yake ndefu bila kulazimisha. Vidole vikishakufa ganzi, zipu inayobana haifungiki.

Ni mimi, kaka yako.