Mafuta ya samaki yapimwe yakiwa dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Vidonge vya mafuta ya samaki vimejaa madukani hapa Dar es Salaam, vingine vimepangwa dirishani jua likiwaka. Mafuta haya huchacha upesi yakikutana na hewa, joto na mwanga, na ganda la kidonge huficha harufu. Pua ya mnunuzi haisaidii kitu.

Maabara ndiyo husema kweli. Hupima peroksaidi, ambayo ni dalili ya kuchacha, pamoja na sumu za zebaki na dioksini, na kama EPA na DHA, yaani mafuta ya omega-3, zilizoandikwa kwenye chupa zimo kweli. Wauzaji nao hupenda kutuambia “imetoka Marekani”, kana kwamba hicho ni cheti. Huko, chini ya sheria ya virutubisho ya 1994, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, haiidhinishi virutubisho kabla havijauzwa.

Ninaliomba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lichukue sampuli kwenye rafu za maduka, si bandarini pekee, kisha litangaze majina na namba za matoleo yaliyofeli. Na mafuta ya ini la samaki, yenye vitamini A nyingi, yawe na onyo la Kiswahili kwa wajawazito.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam