Mitishamba: tuanze na sufuria kabla ya panya

Mhariri,

Kila mjadala wa mitishamba ukizuka huku magharibi mwa Kenya, huishia kwa wito uleule: dawa zipelekwe maabara zikapimwe. Sawa, lakini zipimwe vipi? Vipimo vingi hupima kitu ambacho mgonjwa hajawahi kukinywa.

Gome husagwa, hulowekwa katika methanoli, methanoli hufukizwa, na masalio hutiwa juu ya vimelea vya malaria au seli za saratani. Lakini aliyenunua gome la shikuma, mti wa dawa, sokoni Kibuye hapa Kisumu huenda akalichemsha kwa maji. Methanoli huyeyusha utomvu ambao maji huuacha. Maji nayo hutoa sukari na tanini. Tanini hunata kwenye protini za kila aina, hivyo kipimo cha kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinaweza kusema "dawa inafanya kazi" hata ukikipa chai ya Kericho. Asiyeziondoa kwanza ajue anapima tanini.

Wajapani wamelipitia hili kwa kampo, dawa zao za jadi za mimea. Mwaka 1885 Nagai Nagayoshi alitenga kemikali ya efedrini kutoka mmea wa mao (efedra). Njia hiyo ya kusaka kemikali moja ina faida zake, ila kakkonto, dawa ya mafua, ina mimea saba, mao ukiwa mmoja tu. Kwa hiyo wakajifunza kuupima mchanganyiko mzima. Leo bima ya afya ya Japani hulipia michanganyiko 148.

Utaratibu wao ni huu: mimea hupimwa kwa gramu, huchemshwa kwa maji, huchujwa, kisha maji hukaushwa kuwa chengachenga. Kiasi kidogo huyeyushwa, hupitishwa kwenye chujio laini na kuingizwa katika mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake na kuacha kilele kwenye mchoro. Mchoro wa kundi jipya la dawa huwekwa juu ya ule wa kundi la kigezo, yaani lililokubaliwa kuwa mfano. Kilele kikipungua, huulizwa kama mzizi ulivunwa mapema au mvuke ulitoroka. Mdalasini, mmoja wa mimea ya kakkonto, ndio msumbufu hapo: harufu yake ni mafuta mepesi, na sufuria isiyofunikwa huyapeperusha.

Daikenchuto, kampo nyingine inayotumiwa utumbo unapozubaa baada ya upasuaji, inatuhusu kwa karibu zaidi. Kipimo cha siku huchemshwa kutoka tangawizi iliyochakatwa gramu 5, jinsengi gramu 3 na sansho gramu 2, kisha huongezwa sukari ya kimea gramu 10. Sansho, pilipili ya Kijapani, ni ndugu wa shikuma wetu. Udugu huo si ruhusa ya kubadilishana: wao hutumia ganda la tunda, sisi gome, na kemikali hazilingani. La kuiga ni kwamba walitafuta sanshuli, kemikali inayowasha ulimi, ndani ya damu ya waliokunywa, wakaikuta.

Kemikali nyingine hazifiki kwenye damu zikiwa vilevile. Glisirizini, kemikali tamu ya mzizi wa urukususu (licorice), hukatwa kwanza na bakteria wa utumbo. Kemikali inayopatikana huzuia kimeng'enya cha figo, mwili ukashika chumvi na kupoteza potasiamu. Presha hupanda, miguu huvimba, misuli hulegea. Anayemeza vidonge vya kukojoza maji yuko hatarini zaidi. Seli kwenye kisahani hazina bakteria hao, kwa hiyo hazitakuonya. Tena hata dawa iliyokwisha kuidhinishwa hufuatiliwa: mwaka 1996 serikali ya Japani ilitoa onyo kali kuhusu shosaikoto, kampo nyingine, baada ya vifo vya waliopata uvimbe wa mapafu wakiitumia.

Ombi letu kwa wanaogawa fedha za utafiti ni kwamba, kabla ya kununua panya, walipie sampuli ya mmea iliyobanwa na kutambuliwa na mtaalamu, mchemsho wa maji wenye uwiano wa mmea na maji ulioandikwa, makundi matatu ya misimu tofauti, na vipimo vya risasi na sumukuvu, maana magome mengi huanikwa chini. Pasipo mashine ya kromatografia, kibao kilichopakwa silika, kinachotenganisha kemikali kuwa madoa, kinatosha kuanzia: tone la mchemsho sentimita moja kutoka ukingoni, chupa yenye kiyeyushi kidogo, kisha taa ya urujuanimno. Madoa ya shikuma halisi yasipoonekana, huenda muuzaji aliuziwa gome la mti mwingine.

Wafamasia wa mitishamba,
Kisumu