Kunakili hakuharibu wimbo, kugeuza ndiko kunakouharibu

Ndugu Mhariri,

Kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo hapa Tabora, wateja hulalamika kwamba wimbo "umechoka" kwa kunakiliwa mno. Hayo yalikuwa kweli enzi za kaseti, maana kila nakala iliongeza mvumo wa tepu. Faili la dijitali ni namba tupu. Nakala yake ya mia ni sawasawa na ya kwanza, hata likirushwa kwa Bluetooth toka simu hadi simu. Hatari ni moja: kukatika njiani, hasa flashi inapochomolewa kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Linganisha ukubwa kwa baiti. Ukipishana, nakili upya.

Kinachoua sauti ni kugeuza, yaani kubadili faili kuwa la aina au ubora mwingine. Wimbo wa ubora wa CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, kama megabaiti 10 kwa dakika. MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 128 haizidi megabaiti 1 kwa dakika. Sehemu kubwa ya kilichopungua hapo imetupwa moja kwa moja: programu huacha sauti ambazo inakadiria sikio halitazikosa, na mara nyingi hukata kila kitu kilicho juu ya hezi 16,000 hivi. Mara ya kwanza huenda usigundue. Lakini MP3 hiyo ikigeuzwa kuwa AAC, aina nyingine ya faili lililobanwa, kisha ikarudishwa MP3, kila hatua inatupa tena kutoka kwenye kilichobaki. Sikiliza rekodi ya ngoma ya Kinyamwezi iliyopitia hayo. Manyanga ndiyo huumia kwanza: punje hazigongi tena moja moja, zinachuruzika kama maji, na "s" ya manju inakuwa mluzi.

Enyi wenye vibanda, acheni kugeuza MP3 ya kilobiti 128 kuwa ya 320. Faili linanenepa na kadi ya mteja inajaa, lakini kilichotupwa hakirudi.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wanaohamisha kwenye kompyuta kaseti za bendi zetu za zamani, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, kwa kuwa hapo ndipo mji wetu unaposikika. Safisheni hedi ya deki kwa pamba yenye spiriti kabla ya kila kaseti. Rekodini kwa WAV, yaani faili lisilobanwa, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 24 kompyuta ikiweza, vinginevyo 16. Kilele cha sauti kiishie desibeli 6 hivi chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha rekodi ya dijitali. Kikivuka sifuri hukatwa, na mkwaruzo wake hauondoki. Kukata vipande na kupunguza mvumo kufanyike kwenye nakala ya WAV, kwani programu nyingi huigeuza MP3 upya hata ukipunguza sekunde tano tu. Nafasi ikibana, tumieni FLAC, inayopunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kutupa kitu. MP3 itengenezwe mwisho, mara moja, kutoka kwenye WAV, na kwa WhatsApp itumwe kama dokumenti.

Na kaseti yenyewe, tafadhali, msiitupe.

Fundi sauti,
Tabora