Jiwe lililomo ndani ya ndoo

Kirumba, Mwanza
Jumamosi alfajiri

Kwako Baba Neema,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu imfikie mzee hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Kulwa na Doto wako darasa la tatu sasa na wameshapoteza kalamu zote za nyumba hii, hata hii ninayoandikia nimeiazima kwa mama yao.

Barua hii inasafiri pamoja na ndoo, kwa hiyo usiisome yote kwanza. Funua ndoo. Utakuta gazeti limelowa, na ndani ya gazeti kuna jiwe kama ngumi, lina mabaka ya zambarau upande mmoja. Liweke kwenye tangi lako la samaki wa baharini sasa hivi, pale kwenye kivuli nyuma ya pampu, kisha urudi tuongee.

Umeshaliweka? Haya.

Ile picha uliyonitumia niliiangalia muda mrefu. Tangi safi, samaki wazuri, wateja wako wa dawa lazima wanasahau hata kilichowaleta. Ila mawe yako ni meupe pee, kama mifupa. Ukaniuliza yangu nimeyapaka dawa gani hadi yakawa ya waridi. Nilicheka, maana muuza dawa kila jambo kwake lina chupa yake. Sijapaka kitu, ndugu yangu. Ile rangi ni kiumbe hai. Ni mwani wa jamii ya mwani mwekundu, isipokuwa huu hujijengea chokaa kwenye kuta za seli zake, basi badala ya kupepea kama majani unatambaa juu ya jiwe na kuwa jiwe wenyewe. Pitisha ukucha juu ya hilo nililokutumia. Hautoki. Umeng'ang'ania kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Mimi nauita mwani wa chokaa. Huko baharini ndio unaogandamanisha vipande vya miamba ya matumbawe visisambaratishwe na mawimbi.

Usishangae kwamba hujawahi kuuona. Mimi na wewe tumekulia juu ya mawe, tumevua mbipi, wale samaki wadogo wa kwenye mawe, kwa ndoano ya pini, tumeteleza na kuchubuka magoti, na kitu tulichokuwa tunateleza juu yake siku zote kilikuwa ukoga wa kijani. Karibu jamii yote ya mwani huu inaishi maji chumvi. Wa maji baridi anajulikana mmoja, alitangazwa mwaka 2016, yuko mto Cetina kule Kroatia. Kwa hiyo wewe na mimi, watu wa ziwani, tunafuga kitu ambacho bibi zetu hawakukipa hata jina.

Sasa nikueleze nilivyoharibu, ili wewe usirudie.

Nilipoanza nilikuwa na haraka kama yako. Tangi lita 200, mawe makavu, na vipande vitatu vyenye rangi nilivyonunua kwa jamaa mmoja wa Dar aliyekuwa anahama na kuvunja tangi lake. Vilikuja kwa basi vimefungwa magazeti mabichi, na kingo zilizokauka njiani zilifika nyeupe. Usiende kubeba mawe baharini ukipita Tanga au Dar, matumbawe yale yana sheria zake. Mwani huu unatoka tangi kwenda tangi vizuri tu, kama mbegu ya muhogo.

Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa nne nikasoma kwamba mwani unahitaji kalsiamu, na kwamba maji ya chokaa safi yanaongeza kalsiamu. Yanaongeza kweli, ila yanatakiwa kudondoshwa tone kwa tone usiku kucha. Mimi Jumapili asubuhi, suti mwilini, mke ananiita tunachelewa ibada, nikamimina jagi zima.

Tangi likageuka uji. Uji mweupe wa mgonjwa, samaki siwaoni, taa imebaki kama mwezi nyuma ya wingu. Chokaa ilikuwa imepandisha ghafla ukali wa maji, ule wa magadi na si wa ndimu, kalsiamu na kaboneti zikashikana hapo hapo zikaanguka chini unga mtupu. Hita ilivaa gamba jeupe kama birika la hoteli. Ibada sikwenda. Jioni samaki mmoja alikuwa amekufa, na kesho yake nilipopima kalsiamu ilikuwa miligramu 340 kwa lita, chini kuliko kabla sijaongeza. Yaani nilikuwa nimemwaga kile kile nilichotaka kukijaza.

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Wiki mbili nilikimbizana na vipimo: leo naongeza hiki, kesho kile kimezidi, keshokutwa napunguza. Mama Kulwa akasimama mlangoni akaniuliza, "Wewe hilo tangi unalitibu au unalipika?" Nilikasirika, lakini usiku nikakubali kwamba ameona. Nikafungia chupa zote kabatini. Kazi yangu ikabaki moja, kila Jumapili natoa lita 20 naweka lita 20 za maji mapya yenye chumvi ya bahari ya kununua, ile inayotengenezwa kwa matangi ya samaki, basi. Wiki ya saba Doto alikuwa amebandika pua kwenye kioo, akasema, "Baba, mama kamwagia pampu rangi ya kucha."

Nikaja mbio. Doa la ukubwa wa dengu, waridi lililokolea, limekaa juu ya plastiki nyeusi ya pampu kama limechorwa. Pembeni yake jingine dogo, kama ncha ya pini. Ndugu yangu, niliwaamsha na majirani.

Kwa hiyo ukiniuliza nimefanya nini, jibu ni kwamba niliacha maji yatulie. Ninayoyalinda ni haya: kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita, magnesiamu 1300 hivi, na alkalini, yaani akiba ya kaboneti iliyomo majini, digrii 8. Lakini mtu mwenye alkalini ya 7 isiyoyumba atauona mwani kabla ya yule anayeruka leo 7 kesho 11. Magnesiamu usiidharau. Ndiyo inayozuia kalsiamu na kaboneti zisishikane ovyo majini, na mwani wenyewe unaitia kwenye chokaa yake. Hizo zote zimo tayari kwenye chumvi ya bahari, ukipima gramu 35 kwa lita. Chumvi ya dukani, ile ya Uvinza, iache kwa mchuzi. Mwani ukishaenea ndipo utaona alkalini inashuka yenyewe, na hapo wewe mwenye mizani ya dawa una raha kuliko mimi: gramu 3 za bakingi soda huinua digrii 1 katika lita 100 zako. Ziyeyushe pembeni kwanza, kisha umimine polepole. Polepole, Baba Neema. Nakujua.

Maji ya bomba nakuomba uyaogope. Bomba lako na langu yote yanalinywa ziwa, na umeona mwenyewe ziwa linavyogeuka kijani. Ule ukijani unalishwa na fosfeti na nitrojeni zinazoingia na maji ya mashamba na ya mitaro. Fosfeti hiyo hiyo ikiingia tangini inafanya mabaya mawili, inastawisha ukoga unaofunika mawe, na inazuia chokaa ya mwani isigande vizuri. Mimi nachuja kwa mtambo mdogo wa utando. Wewe dukani kwako si unayo maji yaliyotoneshwa, yale ya mvuke uliopozwa? Tumia hayo. Na chakula cha samaki punguza. Nimeona kwenye picha vipunje vimelala chini. Vile vikioza ndiyo fosfeti yenyewe. Watoto wako kama wangu wanapenda kulisha, wape zamu.

Kuhusu taa, umeniambia umenunua kubwa zaidi ili mwani uharakishe. Hapo umekula hasara kidogo. Mwani huu unapenda mwanga wa wastani, wenye ubuluu. Mwaka 1984 watafiti waliukuta ukiishi kina cha mita 268 huko Bahamas, na ziwa letu lote sehemu ya chini kabisa ni mita themanini na ushee. Ndiyo maana doa langu la kwanza lilikuwa nyuma ya pampu na sio juu ya jiwe la mbele nililoliandaa kama kiti cha mgeni rasmi. Ukiwasha taa kali wakati mawe bado matupu, unamkaribisha ukoga wa kijani kwanza. Tangi pia lisogeze mbali na dirisha, lile jua la mchana la Musoma halina rafiki.

Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu. Chumvi haikauki na maji, inabaki. Langu linapoteza kama lita mbili kwa siku nikiwasha feni. Na umeme ukikatika, usihangaike na mwani, hangaika na hewa ya samaki.

Jiwe nililokutumia litafanya nini? Wiki za mwanzo huenda likapauka kidogo, usiniletee msiba. Likishatulia, chukua wembe, kwangua unga mdogo wa zambarau karibu na pampu, mkondo wa maji utausambaza. Mimi nilifanya hivyo mara moja kwa mwezi. Konokono wawili watatu wa baharini watakusaidia kula ukoga kwenye mawe ili ukoko huu upate pa kukaa. Mwani upe miezi mitatu, minne, hata sita.

Halafu utaanza kulalamika upande wa pili. Kioo changu cha mbele sasa nakikwangua kila wiki, na pampu juzi ilisimama kwa kujaa gamba. Niliiloweka kwenye siki, ikachemka mapovu kama soda iliyotikiswa, asubuhi ikawa nyeusi kama mpya. Kulwa alidhani tunapika.

Ndoo nimempa kondakta wa basi la saa mbili, stendi ya Nyamhongolo, nimemlipa tayari asikudai tena. Nikumbushe ukubwa kamili wa hita yako, naona kwenye picha ni ndogo. Na tafadhali ndoo yenyewe uirudishe na basi hilo hilo wiki ijayo, ni ya Mama Kulwa ya kukandia maandazi na bado hajajua imekwenda wapi.

Wako,
Baba Kulwa